Njia ya Baiskeli Baada ya Utepe Kukatwa: Mchango wa Wanaojitolea na Wajibu wa Mwenye Barabara

Mada kwa ajili ya semina ya siku moja ya wanaojitolea katika usalama wa baiskeli, wahandisi wa halmashauri na askari wa usalama barabarani, Dar es Salaam

1.0 Utangulizi



Waandaaji wamenipa mada pana: mchango wa wanaojitolea katika kuboresha usalama wa waendesha baiskeli na watembea kwa miguu. Nitaigusa yote kama nilivyoagizwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya muda wangu itakwenda kwenye kipengele cha 4.0, yaani matunzo ya njia za baiskeli baada ya mradi kukabidhiwa. Jambo hilo limenisumbua tangu nikiwa mhandisi wa halmashauri, na halijaniacha hata baada ya kustaafu na kujiunga na wanaojitolea. Maoni haya ni yangu binafsi, na hayakusudii kuilaumu taasisi yoyote.

2.0 Maana ya istilahi

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa kila aliyemo ukumbini anazifahamu. Usafiri usiotumia injini ni kutembea kwa miguu, baiskeli, guta, mkokoteni na viti vya magurudumu. Mwenye kujitolea ni mtu anayefanya kazi ya jamii bila mshahara. Utetezi ni kazi ya kuwashawishi wenye mamlaka ya kuamua, na hapa ndipo unapotofautiana na kampeni ya kugawa fulana. Hifadhi ya barabara ni eneo lote lililotengwa kisheria kwa ajili ya barabara, lami pamoja na kando zake. Njia ya baiskeli imo ndani ya hifadhi hiyo. Naomba hilo la mwisho likumbukwe, tutalirudia.

3.0 Hali ilivyo

3.1 Kidunia, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani. Zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilihimiza ukomo wa kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchanganyika mara kwa mara. Kwetu, ukomo katika maeneo ya makazi ni kilomita 50. Nishati ya gari lililo mwendoni hukua kwa mraba wa kasi yake, hivyo gari la kilomita 50 kwa saa huja na nishati karibu mara tatu ya lile la kilomita 30.

3.2 Kwa Dar es Salaam, sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Mei 2016 awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka ilianza kutoa huduma kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Kando ya barabara hizo zilijengwa njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Jiji likapata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, la kwanza kuipata barani Afrika. Sifa hiyo ni halali, na siipunguzi.

3.3 Wala hatukuanza na mabasi hayo ya mwendokasi. Katika miaka ya 1990 mradi wa majaribio wa usafiri usiotumia injini, chini ya mpango wa Benki ya Dunia wa sera za uchukuzi Afrika, ulitekelezwa Temeke na Morogoro kwa upande wetu, na Nairobi na Eldoret kwa upande wa Kenya. Vivuko vilivyoinuliwa vilijengwa, na wakazi wakashirikishwa kupitia majukwaa ya watumiaji. Uzoefu huo uliingia katika mwongozo wa Marius de Langen na Rustica Tembele wa mwaka 2001, kuhusu njia za miguu na baiskeli katika miji ya Afrika. Kwa hiyo ujuzi wa kujenga tunao, na tumekuwa nao kwa zaidi ya miaka ishirini. Ambacho hatujajifunza ni kutunza.

4.0 Tatizo kuu: njia isiyo na mwenyewe

4.1 Mita mia moja

Tuchukue mita mia moja za njia ya baiskeli kando ya barabara yenye shughuli nyingi. Siitaji jina, maana wengi humu watadhani ni ya kwao.

Mwanzoni kuna nguzo fupi za zege zilizowekwa kuzuia bodaboda. Zimekaribiana kiasi kwamba guta halipiti, wala baiskeli ya magurudumu matatu ya mtu mwenye ulemavu. Bodaboda iliyokusudiwa kuzuiwa inapinda usukani kidogo na kupita. Mbele yake ni kijiwe cha bodaboda hao hao, kisha mwavuli wa wakala wa pesa za simu, kisha mama lishe na benchi la wateja wake.

Halafu unakuja mtaro wa maji ya mvua unaokatiza njia. Mfuniko mmoja umeng'olewa ukauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Jirani mwenye duka, kwa nia njema, amelaza banzi juu ya shimo na kusimika tawi la mti ili watu walione. Mfuniko wa pili umesalia, lakini nondo zake zimelazwa kufuata mwelekeo wa safari, na uwazi kati ya nondo na nondo unatosha kumeza tairi jembamba la baiskeli ya Phoenix. Kama fundi angezilaza nondo hizo mkingamo, asingeongeza hata kilo moja ya chuma.

Baada ya mtaro kuna lango la kituo cha mafuta, ambapo malori husubiri zamu juu ya njia. Mwisho ni makutano. Hapo njia inakatika ghafla kwenye ukingo mrefu usio na mteremko, bila alama wala kivuko, mahali ambapo mwenye baiskeli anaihitaji kuliko pengine popote.

Mtu aliyetoka soko la Feri na tenga la samaki nyuma hawezi kushuka na kupanda kila baada ya hatua ishirini. Anaingia barabarani, anakwenda sambamba na daladala, na muda wote anasikilizia honi za nyuma yake. Nasi maofisini tunasema: "Njia tuliwajengea, mbona hawaitumii?" Swali hilo nimelisikia katika vikao vingi mno, na huulizwa kana kwamba limejijibu lenyewe. Mwenye tenga anaijua njia ile kuliko mhandisi aliyeichora. Ameipima kwa mzigo wake, akaona haipitiki.

4.2 Nani anahusika?

Kwenye karatasi mwenyewe yupo. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Tangu 2017, barabara za wilaya, za mitaa na za vijijini ziko chini ya TARURA. Usafi na wafanyabiashara wadogo ni kazi ya halmashauri. Anayepaki gari au kupitisha pikipiki kwenye njia ya baiskeli ni wa askari wa usalama barabarani. Kila chombo kina sheria yake na hoja zake, na nyingi ni za haki. Lakini ule ukanda wa mita mbili unavigusa vyote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila kimoja kina sababu nzuri ya kumtazama mwenzake.

Kikundi chetu kiliwahi kuandika barua kuhusu mfuniko mmoja tu wa mtaro. Ofisi ya kwanza ilijibu kwa adabu kwamba mtaro si wake. Ya pili ikasema mtaro ni wake ila njia inayopita juu yake si yake. Ya tatu iliomba nakala ya majibu ya ofisi ya kwanza. Hakuna aliyetutukana na hakuna aliyetudai chochote. Faili lilikwenda vizuri kabisa, shimo likabaki pale pale.

4.3 Fedha

Mkandarasi anapokabidhi barabara huwa na kipindi cha uangalizi ambacho anarekebisha kasoro kwa gharama zake. Kipindi hicho kikiisha, barabara inaingia kwenye matengenezo ya kawaida: kuziba mashimo, kufyeka nyasi, kuzibua mitaro, kuchora upya alama. Njia ya baiskeli ikikosa kifungu chake katika orodha hiyo, fundi hana ruhusa ya kuigusa hata kama anaiona imeharibika.

Huwa tunaambiwa kwamba Mfuko wa Barabara unatokana na tozo ya mafuta, na baiskeli haili mafuta. Hoja hii ni nyepesi. Muuza mikate kwa baiskeli hununua unga ulioletwa na lori, na tozo ya dizeli imo ndani ya bei. Zaidi ya hapo, njia ya baiskeli ni sehemu ya barabara. Hakuna anayeuliza kama mfereji wa kando umelipia mafuta kabla ya kuuzibua.

Tatizo lingine ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, na Bunge huketi kwa ajili ya bajeti kuanzia Aprili. Kabla ya hapo, mipango imekwisha kupita kwenye kata na kwenye baraza la madiwani. Kikundi kinachofika na ombi lake mwezi Mei, baada ya masika kufumua mitaro, kinaambiwa kisubiri mwaka mwingine. Asiyekuwepo na lake halipo.

4.4 Kuhusu wafanyabiashara

Nisieleweke vibaya. Kuwafukuza mama lishe na machinga kwa nguvu si dawa. Wakiondolewa Jumatatu wanarudi Alhamisi, kwa sababu wateja wao wanapita pale pale. Palipo na upana wa kutosha, mhandisi achore eneo la kuuzia nje ya mstari wa baiskeli, na eneo la kijiwe pia. Pasipo na upana, halmashauri ikae nao kabla ya ujenzi, si baada ya malalamiko.

5.0 Nafasi ya wanaojitolea

5.1 Kazi wanayoiweza vizuri kuliko ofisi yoyote ni kuhesabu. Watu wawili, karatasi na kalamu, kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, wanatosha. Wahesabu baiskeli tupu, zenye mzigo, guta, wanafunzi na wanawake. Kisha waandike ni wangapi wamepita kwenye njia na wangapi wamepita barabarani. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayojibu swali la "mbona hawaitumii".

5.2 Kazi ya pili ni kutaja kasoro kwa usahihi. "Barabara yetu ni mbovu" haimsaidii mhandisi. "Mfuniko haupo, upande wa kushoto kuelekea mjini, mkabala na zahanati" inamsaidia.

5.3 Kazi wasiyopaswa kuibeba ni matengenezo. Najua vikundi vimeziba mashimo kwa zege la kuchangishana na kuchora alama kwa rangi ya kununua wenyewe. Nawaheshimu. Lakini kila shimo tunaloliziba kimya kimya ni shimo ambalo halitaonekana kwenye bajeti. Aidha, mtu akianguka juu ya kiraka chetu, lawama itakuwa yetu.

5.4 Uholanzi hutajwa sana katika semina kama hizi. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa katika barabara za nchi ile, wakiwemo watoto zaidi ya 400, na wazazi wakaandamana chini ya jina la Stop de Kindermoord, yaani "Komesheni mauaji ya watoto". Maandamano tunayakumbuka. Tunachosahau ni kwamba kazi ya kujenga na kutunza ilichukuliwa na serikali na manispaa, zikaiwekea wataalamu na fedha. Jirani zetu wa Kaunti ya Nairobi nao, katika sera yao ya 2015, waliahidi asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa usafiri usiotumia injini. Ahadi iliyoandikwa kwa tarakimu inaweza kudaiwa, hata pale utekelezaji unapochechemea.

6.0 Mapendekezo

Kwa wenye barabara (TANROADS na TARURA):
i. Kila njia ya baiskeli iwe na afisa mmoja anayejulikana kwa cheo, na namba ya simu ya ofisi.
ii. Orodha ya matengenezo ya kawaida iwe na kifungu cha njia za baiskeli.
iii. Nondo za mifuniko zilazwe mkingamo. Pale wizi unapozidi, mifuniko iwe ya zege.
iv. Nafasi kati ya nguzo ipimwe kwa guta na kwa baiskeli ya mwenye ulemavu kabla ya zege kumwagwa.
v. Njia isiishie kabla ya makutano. Ivuke makutano kwa alama na ukingo ulioshushwa.
vi. Mwendesha baiskeli mwenye mzigo awepo siku ya makabidhiano, na aipite njia yote kabla ya saini.

Kwa halmashauri:
vii. Maeneo ya wafanyabiashara na vijiwe yapangwe kabla ya ujenzi.
viii. Kamati za maendeleo za kata zipokee hesabu za wanaojitolea kama taarifa rasmi.
ix. Vibali vya malango ya vituo vya mafuta vitaje wazi kwamba njia ya baiskeli haizibwi.

Kwa askari wa usalama barabarani:
x. Kupaki kwenye njia ya baiskeli kuhesabiwe kosa kama makosa mengine, si jambo la kuonywa tu.
xi. Taarifa ya ajali ya baiskeli ionyeshe kama palikuwa na njia, na kama ilikuwa inapitika.

Kwa wanaojitolea:
xii. Wahesabu kwa fomu moja na saa zile zile, ili takwimu za Temeke zilinganishwe na za Kinondoni.
xiii. Wapeleke maombi kabla ya Desemba.
xiv. Waache kuziba mashimo, waanze kuyadai.

Kwa wote:
xv. Ukomo wa kilomita 30 kwa saa ujaribiwe mbele ya shule na masoko.
xvi. Narudia pendekezo la kwanza: afisa mmoja, anayejulikana. Mengine yote yanamhitaji yeye.

7.0 Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, natambua mapendekezo ni mengi kuliko uchambuzi, na kwamba baadhi yalisomwa katika semina zilizopita. Yamerudi kwa sababu hayakutekelezwa. Nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zimekubaliana kupunguza vifo vya barabarani kwa nusu kati ya 2021 na 2030, na muda mwingi wa kipindi hicho umekwisha kupita.

Kwa hiyo naomba jambo moja lisilohitaji fedha wala kikao kingine. Karatasi ya mahudhurio ya leo iongezwe safu moja, na kila mwakilishi wa taasisi, kabla ya chakula cha mchana, aandike cheo cha afisa atakayepokea taarifa za njia za baiskeli katika eneo lake. Asiyekuwa naye aandike "hayupo". Nakala wapewe wanaojitolea waondoke nayo.