Isomeni Hati ya Baraza



Wahitimu, nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo hadi nilipostaafu, na leo nina dukuduku moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka wanandoa wapitie kwanza baraza la usuluhishi, nalo lithibitishe kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha, ndipo shauri la talaka lifunguliwe. Mtihanini mmelijibu hilo vizuri. Kazini mtaletewa karatasi iliyochanwa kwenye daftari: "Hawa wameshindikana." Basi. Haina muhuri, haina jina la mwenyekiti, haisemi mume aliitwa lini. Karani anaipokea kwa sababu mama wa watu amebeba mtoto mgongoni na ametoka mbali.

Nimemwona mama aliyeshinda shauri, akapewa nyumba, kisha kwenye rufaa mwenendo wote ukafutwa kwa ubovu wa hati ile. Akaambiwa aanze upya. Anaporudi barazani, kiwanja chao kingine kimeshauzwa. Jamani, isomeni hati kabla hamjasoma madai! Ikiwa mbovu, mrudisheni barazani siku ileile, mkimweleza kinachokosekana. Na kama mume ameitwa akakaidi kwa makusudi, kifungu hichohicho kinamruhusu mke kuendelea bila hati. Asizungushwe.

Kuhusu mgawanyo wa mali, mke huulizwa swali linalonikera mpaka leo: "Wewe ulileta nini?" Mwaka 1983, katika rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu kwa sababu nyingine, lakini msimamo ule umewabeba wanawake wengi. Ila mchango lazima uthibitishwe. Ulizeni nani aliwapikia mafundi, nani alichota maji ya zege, jirani gani alishuhudia, risiti za saruji ziko wapi.

Wale mtakaokuwa wasaidizi wa kisheria, mama akifika kwenu muulizeni nyumba anayoishi imeandikwa jina la nani. Ikiwa ni la mume peke yake, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamlinda: haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa yake, naye anaweza kuiwekea zuio kwa msajili wa ardhi. Msaidieni kuliandikisha kabla mume hajapata mnunuzi.