Usalama wa Fundi wa Dari Avaaye Mironjo

(Ifuatayo ni hotuba ya Ofisa wa Usalama Kazini mbele ya wasimamizi wa majengo ya Serikali, mafundi na wenye nyumba. Inachapishwa kwa manufaa ya wananchi wote.)





Nimeombwa nizungumzie chombo ambacho baadhi yenu mmeshakiona na wengine bado, nacho ni mironjo ya kazi. Mironjo ya miti tunaijua kuwa ni mchezo wa watoto. Hii ya fundi aghlabu hutengenezwa kwa alumini, hufungwa kwa mikanda miguuni na chini ya magoti, na huweza kurefushwa. Nyingi humwinua mtu baina ya sentimita 40 na 100. Anayeziba maungio ya dari ya bodi za jipsamu na kuipiga msasa huipenda, kwani humwondolea taabu ya kushuka na kuihamisha ngazi kila mara.

Sikuja kukikashifu chombo hiki. Nimekuja kusema jambo moja: usalama wa aliye juu ya mironjo umo mikononi mwa walio chini. Macho ya fundi huyu yako darini. Hakioni kipande cha bodi kilichoanguka nyuma yake, wala ndoo iliyowekwa njiani na mwenye haraka. Hata akikiona, hawezi kuinama akakiondoa bila ya kujihatarisha. Kwa hiyo, mambo yafuatayo yazingatiwe:

Kwanza, mironjo ikaguliwe kila siku kabla ya kuvaliwa: skrubu, nati, mikanda na soli za mpira. Miguu yote miwili iwe na urefu mmoja. Iliyovunjika isiungwe kwa waya wala isichomelewe kienyeji.

Pili, sakafu iwe sawa, kavu na iliyofagiwa. Nyaya za umeme zisipite njiani. Shimo lolote lifunikwe kwa kifuniko imara kisichoteleza. Marumaru yenye vumbi la jipsamu au maji huteleza mno.

Tatu, fundi avae na kuvua akiwa amekaa juu ya benchi refu na imara, na msaidizi awe karibu. Asipande wala kushuka ngazi, asirudi kinyumenyume, asiokote kitu sakafuni, na asibebe bodi nzima. Kazi ya kupandisha bodi ni ya jukwaa. Umeme wa darini uzimwe kabla hajaanza.

Nne, ukingo. Hapa ndipo wengi hughafilika. Kanuni za ujenzi za Marekani, ambako mironjo hutumika sana, huweka ukingo wa kuzuia kuanguka kwa kimo cha kiasi cha inchi 42, yaani karibu sentimita 107. Ukingo huo humfika mtu kiunoni. Akivaa mironjo ya sentimita 60, hubakiwa na sentimita 47 tu. Sasa humfika magotini, na badala ya kumzuia unaweza kumpindua. Ndiyo maana kanuni hizo zinataka ukingo uongezwe kimo sawa na kile cha mironjo. Pasipoongezwa, fundi asiivae karibu na roshani, uwazi wa ngazi au dirisha lisilofungwa.

Tano, katika nyumba kongwe za Mji Mkongwe, ambako sakafu za mawe na chokaa zimelala juu ya boriti na mara nyingi haziko sawa, na vizingiti vya milango vimeinuka, mironjo isitumike. Huko litumike jukwaa.

Sita, fundi akianguka na akalalamika shingo au mgongo, asinyanyuliwe kwa pupa. Aachwe alivyolala, atulizwe, na msaada wa tabibu uitwe mara moja.

Ndugu Wasimamizi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Namba 8 ya mwaka 2005, imemwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Lakini tuseme kweli. Fundi wa kutwa akiambiwa apande, hupanda, kwa kuwa kesho anataka aitwe tena. Anayeweza kusema "hapana, sakafu haijafagiliwa" bila ya kuhatarisha riziki yake ni wewe msimamizi, au wewe mwenye nyumba unayetaka dari iishe kabla ya Sikukuu. Siku moja ya kuchelewa hulipika. Mgongo uliovunjika haulipiki, na wanaokula kwa mkono wa fundi huyo ni wengi.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Lakini ndoo iliyoachwa njiani ina mwenyewe, na shimo lililo wazi lina aliyelipita asilifunike. Kila mmoja wetu, kabla ya kumtazama fundi darini, aanze kuitazama sakafu.