TUSIKIE MANENO: KUPIGA VIDEO YA HARUSI

Leo tunazungumza juu ya kazi ambayo kikundi kinaweza kuifanya kijijini na kupata pesa, nayo ni kupiga video za harusi. Simu mbili nzuri, stendi moja na kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo vinatosha kuanzia. Lakini kuwa na vyombo ni jambo moja, na kuijua kazi ni jambo lingine.

Tungependa mshike neno moja: katika harusi sauti ndiyo ya kwanza, picha ni ya pili. Kwa nini tunasema hivyo? Kwa sababu harusi hufungwa kwa maneno. Kuna viapo, kuna baraka za wazazi, kuna mawaidha ya nyanya. Picha ikitikisika kidogo watu watavumilia. Kiapo kisiposikika, je, tutawarudisha maarusi kanisani? Na yule nyanya aliyebariki wajukuu wake, huenda sauti yake haiko mahali pengine popote. Siku akiondoka, familia itaitafuta video hiyo.

Kabla ya siku
Kaeni na familia. Waulizeni ibada inaanza saa ngapi, nani atabariki, nani atahutubu, na kama kuna mtu asiyetaka kupigwa picha. Mwoneni pia kiongozi wa ibada awaonyeshe mahali pa kusimama. Halafu andikeni makubaliano: bei, malipo ya kwanza, idadi ya nakala, na siku ya kuikabidhi kazi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Gawaneni kazi. Mmoja awe na kamera ya stendi, mwingine awe na kamera ya kutembea, na wa tatu aangalie sauti peke yake. Jioni chajini betri na mtoe vitu visivyohitajika kwenye simu, kwa maana saa moja ya video ya kiwango cha 1080 inaweza kula gigabaiti 8 ama zaidi. Simu za kazi zisiingie mtu akipiga katikati ya viapo. Ziwekeni katika hali ya ndege.

Siku yenyewe
Msitegemee kamera iliyo nyuma ya kanisa inase sauti. Itanasa kikohozi, watoto na viti. Msiweke kinasa sauti mbele ya spika kubwa pia, kitakwaruza. Baneni kipaza sauti kifuani mwa bwana harusi. Hapo kitashika sauti yake, ya bibi harusi na ya mchungaji, maana wote wamesimama karibu. Kijaribuni mapema, na msikilize kwa masikio yenu wenyewe.

Vyombo vyote vikishaanza kunasa, mtu mmoja apige kofi moja kubwa mbele ya kamera. Kofi hilo litawasaidia baadaye kulinganisha sauti na picha. Kamera ya stendi isizimwe mpaka ibada iishe. Yule wa kutembea ashike kila picha kama sekunde 10 bila kuyumba: uso wa mama, pete, sahihi za mashahidi. Mwanga uwe mbele ya watu, usiwe mgongoni. Dirisha likiwa nyuma ya maarusi, nyuso zitakuwa nyeusi. Na kwa kuwa umeme wa Kenya ni wa hezi 50, wekeni kamera kwenye picha 25 kwa sekunde, ili taa zisionekane zikipepesa.

Kuhariri
Kabla ya kugusa chochote, toeni nakala mbili na mziweke nyumba mbili tofauti. Kadi isifutwe mpaka familia iwe imepokea kazi yake.

Tazameni yote kwanza, kisha mfuate mpango wa siku ulivyokwenda. Viapo visikatwe hata neno. Wimbo ukatwe mwisho wa beti, si katikati ya vigelegele. Hotuba ndefu inaweza kupunguzwa salamu, lakini baraka zibaki. Tafadhali, msimfunike mzee kwa muziki wa redio! Nyimbo hizo nazo zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inawalinda. Mwisho tengenezeni mbili: ndefu ya familia, na fupi ya dakika 5 ya kutumiana kwa simu.

Kukabidhi na kutunza
Msiitoe video kwenye mitandao kabla maarusi hawajakubali, na kwa watoto, kabla wazazi wao hawajakubali. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na picha ya mtu si mali yetu ya kuchezea.

Tena waambieni wenye harusi ukweli huu: vyombo huzeeka. Harusi nyingi za miaka ya 1990 ziko kwenye kanda za VHS, na mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyojulikana kuwa ya mwisho kutengeneza mashine za kuzichezea, iliacha kazi hiyo. Kwa hivyo familia iwe na nakala zaidi ya moja, na kila baada ya miaka michache izihamishie kwenye chombo kipya. Kama kijijini kuna kanda za zamani, zipelekwe kwa fundi mwenye mashine nzima azihamishe sasa, wakati bado anapatikana.

Maswali ya kujadili kikundini
1. Ni nani kati yetu ana masikio makini, tumpe kazi ya sauti?
2. Nakala zetu zitakaa nyumba gani mbili?
3. Katika kila malipo, tutaweka akiba kiasi gani ya kutengeneza vyombo?

Sasa nendeni mkasikilize wengine.