Kura Tatu na Swali la Nani Mwananchi

Tukitaja uhuru wa Tanganyika fikra zetu hukimbilia usiku ule wa kuamkia 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza ikishuka na yetu ikipanda. Leo naomba bendera isubiri kidogo. Nataka tuzungumzie mawazo yaliyobishaniwa katika miaka 10 iliyoutangulia usiku huo, na hasa swali lililokaribia kuigawa TANU, chama kilichodai uhuru, vipande viwili: nchi ikijitawala, hao wenye nchi ni akina nani?

Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Mjerumani aliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza alikabidhiwa nchi hii kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1946 ikawekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Kwa maandishi, Uingereza ilikuwa mdhamini tu, na wajibu wake ulikuwa kuwaandaa wenyeji wajitawale. Wazo lenyewe lilikuwa na dharau ndani yake, maana lilimweka Mwafrika katika daraja la yatima anayetunziwa mali yake mpaka akue. Lakini mdhamini huulizwa hesabu, na hapo ndipo wazee wetu walipopata pa kushika. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa walikuja kukagua, na mwananchi aliweza kupeleka malalamiko yake New York.

Wameru walikuwa wa kwanza kuonyesha njia. Mwaka 1951 serikali iliwafukuza kutoka ardhi yao ya Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa moto, ili eneo lile liwe mashamba ya mifugo ya Wazungu wachache. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa na kusimama kuwaeleza yaliyowapata watu wake. Ardhi haikurudi kwa safari ile. Hata hivyo, ilikuwa imethibitika kwamba mtu wa kijijini anaweza kumshitaki gavana mbele ya dunia.

Machi 1955 ikawa zamu ya Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu na kiongozi wa TANU, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Ujumbe wa baraza hilo uliozuru nchi mwaka 1954 ulikuwa umesema Tanganyika inaweza kuwa huru baada ya miaka 20 au 25, na Waingereza walikasirika wakaona ni mapema mno. Nyerere alichodai ni kanuni: itamkwe wazi kwamba hii ni nchi ya Kiafrika, itakayotawaliwa na watu wake walio wengi.

Gavana Edward Twining alikuwa na kanuni yake nyingine. Katika Baraza la Kutunga Sheria, viti vya wajumbe wasio wa serikali viligawanywa sawasawa: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu wote wapata 20,000. Huo ndio usawa tulioambiwa tuufurahie. Mizani yake ilipima rangi, na mtu mmoja mmoja hakuonekana kabisa.

Halafu zikaja kura tatu. Uchaguzi uliopangwa kuanza mwaka 1958 ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukimwacha mmoja wao, kura yako yote imeharibika. Na ili uandikishwe, ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au umefika darasa la 8, au unashika wadhifa fulani uliotajwa. Fikirini akina mama wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, ambao Bibi Titi Mohamed aliwaingiza TANU kwa maelfu. Wao ndio waliouza kadi na kujaza mikutano, lakini wengi wao hawakuwa na hata sifa moja kati ya hizo.

Wajumbe wengi wa TANU walikwenda kwenye mkutano wa chama Tabora Januari 1958 wakitaka kisusie uchaguzi ule, na siwalaumu. Nyerere alisimama upande wa pili, akawashawishi waingie. Hesabu yake ilikuwa kali: wengi wa watakaoandikishwa ni Waafrika, kwa hiyo Mwasia au Mzungu anayetaka kiti atalazimika kuja kuomba kura za TANU. Mtego wa Twining ungemnasa mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa. Wagombea waliosimama kwa msaada wa TANU, akina Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa, walishinda, na chama cha UTP kilichopendwa na gavana kikafutika.

Zuberi Mtemvu hakukubali uamuzi ule wa Tabora. Alitoka TANU akaanzisha African National Congress, akishikilia kwamba Afrika ni ya Waafrika. Tumtendee haki. Machungu aliyoyasema yalikuwa ya kweli: nani alikuwa na maduka, nani alikuwa na mashamba makubwa, nani alikuwa tarishi ofisini. Na TANU yenyewe haikuwafungulia uanachama wasio Waafrika mpaka baada ya uhuru. Swali lilibaki linafukuta ndani ya chama kilichoshinda.

Likalipuka Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya sherehe. Muswada wa uraia ulifika bungeni ukisema kwamba aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja akawa amezaliwa hapa, ni raia, awe wa rangi yoyote. Wengine waliozaliwa hapa wangeweza kujiandikisha katika miaka 2. Wabunge kadhaa wakapinga, wakitaka uraia uwe wa Waafrika. Nyerere, sasa Waziri Mkuu, aliwajibu kwa hasira ambayo hakuizoea, akawalinganisha na akina Hitler na Verwoerd wa Afrika Kusini. Akawaambia wapige kura kwa uhuru wao, ila wakiukataa muswada, serikali yote itajiuzulu. Ukapita.

Mimi naona siku ile bungeni ilikuwa nzito kuliko usiku wa bendera. Kumfukuza mtawala ni kazi ambayo mataifa mengi yaliiweza. Kukataa kurithi mizani yake ya rangi, wakati watu wana njaa ya haki na wanakupigia makofi ukiwaahidi kulipiza, hiyo wengi iliwashinda. Machungu hayakwisha kwa sheria moja. Mwaka 1962 Mtemvu aligombea urais dhidi ya Nyerere, na bado kura zaidi ya 21,000 zilimwendea.

Mabishano ya Oktoba 1961 yamo katika Hansard, kumbukumbu rasmi za bunge, hoja na majibu yake. Nawaomba walimu wa historia na wa uraia wayaingize darasani. Wapeni wanafunzi hotuba za pande zote mbili, wazisome kwa sauti, kisha waacheni wabishane.