Kiini, Kiendeshi na Idhini: Istilahi za Undani wa Kompyuta



Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili. Lugha yetu ikafika kwenye skrini. Undani wa mashine ukabaki na maneno machache.

Tutazame kiini cha Linux. Kwa desturi, kiini na viendeshi vyake ndivyo huongoza vifaa. Mwaka 2007 kiolesura cha UIO kiliiwezesha programu ya mtumiaji kuendesha kifaa yenyewe. Lakini kifaa kiandikacho moja kwa moja kwenye kumbukumbu chaweza kuharibu data za programu nyingine. Ndiyo maana VFIO, ya mwaka 2012, hutegemea IOMMU, maunzi yanayokibana kifaa ndani ya eneo lililoruhusiwa.

Tukiliita jambo hili "ufikiaji huru", tutapotosha. Hapa Rusimbi mnafahamu: mvuvi mwenye leseni huingia ziwani mwenyewe, ila Ziwa Tanganyika lilipofungwa miezi mitatu mwaka 2024, leseni haikumfaa. Napendekeza "ufikiaji kwa idhini". Mwanafunzi asiyelisikia neno idhini atauzima ulinzi huo akidhani ni kikwazo.