Mshauri Naye Afundishwe
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema machache katika habari ya washauri wa kazi na wa maisha, ambao vijana wetu huwaita makocha. Twaomba mtusikilize kwa utulivu, kwani mwisho wa maneno yetu tutaleta ombi ligusalo mfuko wa chama.

Kushauriana si jambo geni kwetu. Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali pale Tanga, mwaka 1922, hawakutaka kudai haki peke yake, bali walitaka pia kusaidiana na kujiendeleza. Na kabla ya hapo wazee wa pwani walikuwa na kungwi na somo wa kuwafunda vijana. Lakini yafaa tukumbuke kwamba kungwi hakujitwalia kazi hiyo kwa sababu ya ulimi mtamu. Alifundwa kwanza yeye mwenyewe, akamfuata aliyemtangulia, akaona, akasahihishwa, ndipo akaaminiwa mwana wa mtu.

Sasa tutazame hali yetu. Hapana karani hata mmoja kati yetu aliyekabidhiwa daftari la fedha kabla ya kufundishwa hesabu. Lakini maisha ya mwenzetu twamkabidhi yeyote ajuaye kusema vizuri. Kosa la daftari husahihishwa kwa wino mwekundu. Kosa lililotendwa katika moyo wa mtu wino wake haupatikani.

Hayo hatuyasemi kwa kuwatuhumu wengine. Sisi tulioteuliwa na chama hiki kuwashauri vijana tuna la kuungama. Alitujia karani mmoja kijana, amelemewa na madeni ya riba, usingizi umempotea. Tulimpa hotuba ndefu juu ya uwekevu, wala hatukumwuliza hata swali moja. Kisha mmoja wetu, kwa nia njema, akamweleza mkubwa wake wa kazi ili amhurumie. Juma halikwisha, habari zikawa zimeenea ofisi nzima. Kijana yule aliacha kazi, na hata leo hapokei salamu zetu. Hatukukosa huruma, tulikosa mafunzo.

Je, mafunzo hayo ni yapi? Kwanza, ni kusikiliza, na kuuliza maswali yamwezeshayo mtu kuiona njia yake mwenyewe. Mwingereza John Whitmore, katika kitabu alichokitoa mwaka 1992, alieneza utaratibu wa hatua nne: mtu aseme lengo lake, aeleze hali aliyo nayo, atafute njia ziwezekanazo, kisha aamue atakalotenda. Pili, ni kutunza siri, na kupatana na mtu tangu mwanzo juu ya mipaka ya siri hiyo. Tatu, ni kujua mwisho wa uwezo wako: aliyepotewa na usingizi na matumaini apelekwe kwa mganga wa hospitali, asizuiliwe kwa mawaidha.

Shirikisho la kimataifa la washauri wa namna hii, lililoundwa Marekani mwaka 1995, limeweka ngazi tatu za vyeti. Ngazi ya kwanza yataka saa 60 za mafunzo na saa 100 za kazi. Ya pili saa 125 na saa 500. Ya tatu saa 200 na saa 2,500. Kenya nayo ilitunga sheria ya wanasihi na wanasaikolojia mwaka 2014. Lakini katika nchi nyingi hakuna sheria imkatazayo mtu kujiita kocha wa maisha, na kwa hiyo ni juu yetu wenyewe kupambanua.

Watakuwapo watakaosema kwamba mvi ni shahada ya kutosha. Twaziheshimu mvi, na baadhi yetu tunazo. Lakini mzee humwambia kijana yaliyomfaa yeye zamani, na huenda madeni ya kijana si ya aina ile. Mafunzo hayaondoi busara ya mzee. Huifundisha kungoja zamu yake.

Basi ombi letu ni hili. Fedha za karamu ya mwisho wa mwaka huu zitumike kuwasomesha wanachama wawili, mmoja bibi na mmoja bwana, hata wapate cheti cha ngazi ya kwanza. Mpaka watakapofuzu, sisi tumeiacha kazi ya ushauri, na kijana mwenye shida tutamwelekeza kwa wenye ujuzi. Twajua karamu hupendwa. Lakini mwaka huu kiti kimoja kingekuwa kitupu mezani, na sisi twamjua mwenyewe.

Tumekwisha. Uamuzi ni wenu.