Diploma ya Kimataifa na Mlango wa Chuo Kikuu

(Mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya siku moja ya vikundi vya kujisaidia. Tunayachapa kwa faida ya vikundi ambavyo havikuweza kufika.)



Mwenyekiti ameniomba niongee juu ya jambo ambalo limeanza kubisha hodi vijijini. Hapo zamani diploma ya kimataifa, ile inayoitwa International Baccalaureate au IB, tuliijua kama kitu cha watoto wa mabalozi. Siku hizi mtoto wa mkulima aweza kupata msaada wa masomo, akaenda Aga Khan Academy kule Mombasa, au shule za United World Colleges, kama ile iliyo Moshi na Arusha nchini Tanzania, ama Waterford Kamhlaba kule Eswatini. Anakaa huko miaka miwili, kisha anarudi na karatasi. Hapo sasa ndipo shida inaanza, kwa maana karatasi yenyewe kijiji kizima hakuna anayejua kuisoma.

KARATASI HII NI NINI?

Wazee mliosoma zamani mnakumbuka Kidato cha Tano na cha Sita, na mtihani wa KACE uliofanywa mara ya mwisho mwaka 1989. Diploma hii inafanana na hiyo. Shirika linaloitoa lilianzishwa Geneva, Uswisi, mwaka 1968. Mwanafunzi husoma masomo sita, kwa kawaida matatu ngazi ya juu na matatu ngazi ya kawaida. Juu ya hayo anaandika insha ndefu ya hadi maneno 4,000, anasoma somo la kufikiri juu ya maarifa, na ni lazima ashiriki michezo, ubunifu na kazi za kuhudumia jamii.

Kila somo lina alama 7. Sita mara saba ni 42. Ile insha na lile somo la maarifa huongeza alama 3. Jumla 45. Kupata diploma lazima mtu afikishe angalau 24, na atimize masharti mengine.

USIHESABU KAMA KCSE

Hapa nawaomba mfungue masikio. Sisi tumezoea pointi za KCSE, ambazo jumla yake ni 84. Mtu akisema ana pointi 34 za KCSE, hiyo ni C ya kutoa, na digrii ameikosa. Sasa tuseme binti wa mmoja wetu amerudi na 34 za IB. Kamati ya harambee inakaa, mtu mmoja anasema, "Thelathini na nne tu? Huyu alikuwa anacheza." Wengine wanatikisa kichwa, na harambee inavunjwa.

Jamani, mngekuwa mmemdhulumu mtoto! Kwa IB, wastani wa dunia nzima huwa karibu na 30. Mwenye 34 amewapita wengi, na viko vyuo vingi vizuri vya kumpokea. Vilevile, "5" katika somo si namba tano darasani. Ni tano kati ya saba. Msivunje moyo wa mtoto kwa sababu ya hesabu ya mtihani mwingine.

NJIA YA VYUO VYA HAPA KENYA

Kwa digrii, vyuo vyetu huandika kwanza sharti la KCSE, C ya kujumlisha, halafu huongeza "au cheti kinacholingana nacho". Hayo maneno ya mwisho ndiyo mlango wenu. Lakini karani hawezi kulinganisha kwa kukisia. Anayelinganisha vyeti vya sekondari vya nje na KCSE ni Baraza la Mitihani la Kenya, yaani KNEC. Mwombaji hupeleka maombi, hulipa ada, na hupewa barua ya ulinganisho. Barua hiyo aitunze kama hati ya shamba. Huenda akaulizwa hata siku atakapotafuta kazi.

Angalieni majira. Mtihani wa Mei, matokeo hutoka Julai mwanzoni. Ule wa Novemba, matokeo siku hizi hutoka Desemba. Vyuo vingi hapa hufungua mwaka wa masomo kati ya Agosti na Septemba. Kwa hivyo aliyefanya mtihani wa Mei hana wiki nyingi. Akikaa nyumbani mwezi mmoja akisalimia shangazi, mwaka umempita.

Na kama mtoto alimaliza Kidato cha Nne kabla ya kwenda huko, cheti chake cha KCSE kisitupwe. Mwenye C ya kujumlisha tayari ana ufunguo mwingine mfukoni.

NJIA YA NG'AMBO

Ng'ambo mtu haombi baada ya matokeo. Anaomba karibu mwaka mmoja kabla, akitumia makadirio ya walimu wake. Uingereza, maombi ya udaktari na ya vyuo vya Oxford na Cambridge hufungwa katikati ya Oktoba, na mengine mengi hufungwa Januari. Chuo kikimpenda humwandikia barua yenye sharti: "Tutakuchukua ukipata alama kadhaa." Barua ya namna hiyo ni ahadi ya nusu. Msichinje mbuzi bado.

Kwa wale waliosoma United World Colleges, kuna mpango wa Davis uliounganishwa na vyuo vingi vya Marekani tangu mwaka 2000, unaosaidia karo. Mtoto amwulize mshauri wa shule mapema. Amwulize pia juu ya kusamehewa ada ya maombi.

Neno kwa wazazi ambao watoto wao ndio wanaanza: masomo huchaguliwa siku za kwanza, na uchaguzi huo hufunga au hufungua milango. Anayetaka udaktari akiacha kemia, hata akipata 40 vyuo vingi vitamkataa. Anayetaka uhandisi asikimbie fizikia, na aulize ni hisabati ya aina gani inayotakiwa, kwa sababu ziko mbili.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Bwana Yesu alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama. Nasi tuhesabu.

Kwanza, kabla ya kuitisha harambee, tuone barua ya chuo kwa macho yetu, na tuone imeandika karo, malazi, na kile ambacho msaada haulipi. Tiketi ya ndege na bima ya matibabu ndizo huwaangusha wengi.

Pili, tupige simu chuoni kwa namba iliyo kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Tusitumie namba ya yule aliyetuletea habari.

Tatu, tujihadhari na mawakala. Mtu akisema, "Nipeni elfu hamsini leo, nafasi imebaki moja," huyo mpeni chai aende. Karo hulipwa kwenye akaunti ya chuo, na mweka hazina arudi na risiti.

Nne, tuweke nakala za vyeti mahali pawili. Nyumba ikiungua au mvua ikiingia, mtoto asianze upya.

Tano, mwenye kukosa diploma asihukumiwe. Hupewa matokeo ya somo moja moja, na anaweza kurudia mitihani.

Ndugu zangu, mkono mmoja haulei mwana. Mama mjane hawezi peke yake kusoma barua ya Geneva, kufuata KNEC, na kupigana na wakala mjanja. Lakini kikundi chenye katibu mmoja mwaminifu kinaweza. Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni watoto gani wanasoma mitihani isiyo ya KCSE? Tumewauliza wanahitaji nini?
2. Nani katika kikundi atakuwa na kazi ya kuhakikisha barua za vyuo?
3. Tutafanya nini kama harambee imekwisha na sharti la chuo halikutimizwa? Pesa zitarudi kwa nani?